Makopo Sita kutoka Duka Moja la Ngamiani: Kwa Nini Kapsuli za Mlonge Zilibadilika Rangi na Kunata

Tangu Agosti mwaka uliopita nimekuwa mteja wa duka moja la bidhaa za asili lililoko Ngamiani, hapa Tanga, katika mojawapo ya barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kwa muda huo nimenunua hapo makopo matatu ya kapsuli za unga wa majani ya mlonge, makopo mawili ya kapsuli za manjano, na kopo moja la kapsuli laini za mafuta ya habasoda. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza nimeyaona pia katika maduka mengine mawili ya mjini, na isingekuwa haki lawama yote iangukie mlango mmoja.

Niliamua kuandika tathmini hii baada ya kusimama kwenye kaunta ya duka hilo mara tatu na kila mara kumkuta mteja mwingine akilalamika jambo lilelile: kopo la safari hii halina rangi ya kopo la safari iliyopita, au kapsuli zimeshikana, au zimekuwa ngumu na kupasuka zikishikwa. Wengine huamua palepale kwamba wameuziwa bidhaa bandia. Muuzaji naye, kijana mwenye adabu na maneno mengi, ana jibu moja kwa wote: kwamba cha asili hakina rangi moja. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomgharimu mteja fedha zake. Nilifundisha kemia shule ya sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo nina kipimajoto, nina mazoea ya kuandika tarehe kwenye kila kopo ninaloingiza nyumbani, na sina haraka.

Kopo la kwanza la mlonge nililinunua Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma na hewa ikiwa na nafuu. Lilikuwa na kapsuli 60 zenye maganda angavu yasiyo na rangi, ukubwa wa namba 0, na lebo ilisema kila moja ina miligramu 400. Unga ulionekana ndani ya ganda kama majani mabichi yaliyopondwa sasa hivi, kijani kilichokolea. Nilipofungua kapsuli moja juu ya sahani nyeupe, unga ulimwagika mwepesi na kusambaa bila kuacha donge, ukiwa na harufu ya nyasi kavu na ule ukali kidogo wa mlonge unaofanana na wa figili. Nilitoa shilingi 12,000 na sikujutia hata senti.

Kopo la pili, la Desemba, lilikuwa na lebo ileile, bei ileile na idadi ileile, lakini unga wake ulikuwa na rangi ya zeituni inayoelekea kwenye kahawia. Nikalirudisha dukani siku iliyofuata.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hili kopo, halafu uniambie kama huu ni mlonge uleule wa Agosti.”

“Ni uleule, Mwalimu. Unajua tena, cha asili hakina rangi moja.”

Nilimwomba anifungulie kopo jingine la toleo hilohilo, akakubali bila kununa, na hili nalihesabu katika sifa za duka. Lilikuwa na rangi ileile ya zeituni. Hapo nilijua kwamba kilichobadilika si kopo langu bali ni unga wenyewe kabla haujaingia kwenye maganda, na hii ndiyo tofauti ya kwanza ambayo mnunuzi anapaswa kuishika: rangi inayotofautiana kati ya toleo na toleo hutokana na mmea na jinsi ulivyokaushwa, ilhali rangi inayobadilika ndani ya kopo moja hutokana na mwanga, joto na unyevu.

Suala la toleo kwa toleo linaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kupika kisamvu. Majani mabichi yana kijani kikali. Ukiyachemsha muda mrefu huku umefunika sufuria, yanageuka rangi ya zeituni, na ukikamulia ndimu yanageuka haraka zaidi. Ndiyo maana wapishi wengine hutia magadi kidogo, nayo mboga ikabaki kijani. Rangi ile ya kijani ni klorofili, na katikati ya kila molekuli ya klorofili imekaa chembe moja ya magnesiamu. Joto likisaidiana na asidi iliyomo ndani ya jani huing'oa magnesiamu hiyo, na kinachobaki ni kitu chenye rangi ya kahawia iliyofifia. Magadi hupunguza asidi, kwa hiyo magnesiamu hubaki mahali pake muda mrefu zaidi. Majani ya mlonge yaliyoanikwa kivulini, penye upepo, kwa tabaka jembamba, hukauka kabla mabadiliko hayo hayajafika mbali. Yakirundikwa, au yakianikwa kwenye bati juani, au yakianikwa wakati wa mvua za vuli ambapo hukaa siku nyingi yakiwa na majimaji, hufikia mashine ya kusaga yakiwa tayari yameshapoteza kijani chake.

Toleo la Desemba lilikuwa na ushahidi mwingine. Nilimwaga unga wa kapsuli 5 kwenye kichujio cha chai na kuutikisa. Juu ya kichujio vilibaki vijiti vyeupe vyembamba vya urefu wa milimita moja hadi mbili. Hivyo ni vikonyo vya majani. Anayechambua majani kwa uangalifu huviondoa, anayeharakisha husaga vyote. Vikonyo havina madhara yoyote, ila vinafanya unga upauke na kupunguza sehemu ya jani halisi katika zile miligramu 400 unazolipia. Kopo la Agosti nililipa jaribio hilohilo kwa kapsuli zilizokuwa zimebaki, na kichujio kilitoka karibu kitupu.

Hukumu yangu juu ya kopo la pili ikawa kwamba halikuwa bovu wala bandia, bali lilikuwa kazi ya daraja la chini iliyouzwa kwa bei ya daraja la kwanza. Duka halitengenezi kapsuli hizi lenyewe, linaletewa. Lakini mwenye duka ana macho, na angeweza kumrudishia mtengenezaji mzigo au kuupunguzia bei.

Kabla sijanunua kopo la pili, lile la kwanza lilikuwa limenipa somo ambalo sikulitarajia. Lilikuwa kopo la plastiki angavu, na nilikuwa nimeliweka juu ya rafu ya jikoni kwangu Chumbageni, karibu na dirisha linaloangalia mashariki. Kufikia Novemba kapsuli zilizogusa upande wa dirishani zilikuwa zimepauka na kuwa kama majani ya chai ya kijani ya zamani, na zile za katikati bado zilikuwa na kijani cha Agosti. Mwanga nao huvunja klorofili, na wala hauhitaji miezi mingi kufanya hivyo katika jua letu. Kosa hilo lilikuwa langu, nami nalikiri. Lakini siku niliyokwenda kununua kopo la tatu niliangalia vizuri zaidi mpangilio wa duka, nikaona kwamba makopo yote angavu yamepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapotua. Kile nilichokifanya mimi kwa kutojali, duka linakifanya kila siku kama pambo la kuvutia wapita njia.

Manjano yanaonyesha athari ya mwanga waziwazi zaidi. Kila mama wa Tanga anajua kwamba doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu halitoki kwa kusugua, bali huianika kanzu juani ikiwa na majimaji na jioni hulikuta doa limefifia. Anajua pia kwamba doa hilohilo likipigwa sabuni ya mche hugeuka jekundu kama damu ya mzee kabla ya kusuuzwa. Kinachofanya hivyo ni kakumini, rangi kuu ya manjano, ambayo huvunjwa na mwanga na hubadilika kuwa nyekundu hadi kahawia inapokutana na kitu chenye asili ya magadi. Sasa chukua unga huohuo, uuweke ndani ya ganda angavu, ndani ya kopo angavu, ndani ya kabati la kioo. Kopo langu la kwanza la manjano lilikuwa na pete mbili za rangi: kapsuli za nje zilikuwa na rangi ya ndizi mbivu, za ndani zilikuwa na rangi ya chungwa. Kopo la pili, nililomwomba kijana anitolee kwenye katoni iliyokuwa bado imefungwa chini ya kaunta, lilikuwa na rangi moja tangu juu hadi chini. Duka ni lilelile, toleo ni lilelile, na namba iliyopigwa chini ya kopo ni ileile.

Katika kopo hilo la pili niliona pia kwamba maganda yenyewe yalikuwa yameanza kuchukua umanjano, kiasi kwamba kapsuli tupu, baada ya kumwaga unga, ilibaki kama kipande cha karatasi ya nailoni iliyotiwa rangi. Jirani yangu aliliona akashtuka. Hakuna la kushtua hapo. Rangi ya manjano hupenya kwenye ganda kama inavyopenya kwenye kucha za anayetwanga manjano.

Nakuja kwenye kunata, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kopo la tatu la mlonge nililinunua wiki ya pili ya Aprili, masika ikiwa imeanza. Lilikuwa limefungwa kwa lakiri, nami nililifungua nyumbani mbele ya mwanangu. Lilipofunguka halikutoa ile sauti ya kapsuli kuchezacheza, lilikuwa kimya. Nililipindua juu ya sahani, hakikutoka kitu. Nilipigapiga kitako chake, likadondoka donge moja lenye umbo la kopo, kapsuli zimeng'ang'aniana kama tende za kifurushi. Nilipojaribu kuitenga moja, ganda lilinyumbuka, likaacha nyuzi nyembamba, kisha likachanika na kumwaga unga wenye mabonge. Kwenye vidole vyangu ulibaki utando wa gundi uliotoka kwa maji ya moto tu.

Ganda la kapsuli ngumu kwa kawaida hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini ni protini inayopatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama. Ni teknolojia ya zamani. Kapsuli za jelatini zilipata hataza Ufaransa mwaka 1834, na ganda la vipande viwili vinavyoingiana lilifuata katika miaka ya 1840. Tangu hapo jambo moja halijabadilika: ganda la jelatini lina maji ndani yake, na lazima liwe nayo. Likiwa katika hali nzuri, maji ni asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake. Yakipungua chini ya asilimia 10 hivi, ganda huwa kavu na kupasuka kama ganda la yai. Yakizidi asilimia 18, hulainika, hunata na kupoteza umbo. Kwa hiyo ganda halikai kama lilivyotengenezwa. Linavuta na kutoa maji kulingana na hewa iliyolizunguka.

Hewa ya Tanga tunaijua. Ndiyo hewa inayogandisha chumvi kwenye kikopo hadi tunatia punje za mchele mkavu ili imwagike, ndiyo inayolainisha visheti vilivyosahauliwa mezani usiku mmoja. Aprili na Mei nguo hukaa kwenye kamba siku mbili na bado ukizishika unahisi ubaridi wa maji. Kapsuli ya jelatini iliyoachwa katika hewa hiyo haina namna nyingine isipokuwa kunywa. Na si ganda peke yake: unga wa majani makavu nao una sukari na chumvichumvi zinazovuta maji, kwa hiyo ganda na unga hugawana unyevu, unga ukafanya mabonge na rangi yake ikakolea, kwa sababu unga uliolowa siku zote huonekana mweusi kuliko mkavu. Ule weusi ambao wateja wengine waliulalamikia wakidhani ni uozo, kwa sehemu kubwa ulikuwa maji tu. Hata hivyo unyevu ni mlango wa mengine: unaharakisha mabadiliko yale ya klorofili, na ukizidi unawapa kuvu mahali pa kuota.

Kilichonisumbua ni kwamba kopo la tatu lilikuwa na lakiri. Unyevu uliingia lini? Nililichunguza, nikakuta vitu viwili. Kwanza, halikuwa na kile kimfuko kidogo cha jeli ya silika, cha kunyonya unyevu, ambacho kopo la Agosti lilikuwa nacho. Pili, mabonge ya unga yalikuwepo hata katika kapsuli za katikati kabisa ya donge, ambako unyevu kutoka nje ungechelewa sana kufika. Nadhani, na hapa natoa maoni yangu tu, kwamba unga ulijazwa ukiwa bado haujakauka sawasawa, na maganda yakanywa maji kutoka ndani. Kopo likishafungwa kwa lakiri, unyevu huo hauna pa kutokea, na lakiri inayomlinda mteja inageuka kuwa mfuniko wa chungu.

Nilirudi dukani nikiwa nimelibeba donge lile juu ya sahani, nimelifunika kwa kitambaa, kama mtu anayepeleka futari kwa jirani. Safari hii nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mama wa makamo, akiwa anahesabu makopo. Aliliangalia, akalinusa, akalibonyeza kwa kidole, kisha akafungua droo na kunirudishia shilingi 12,000 bila kunitaka risiti. Aliniambia kwamba nilikuwa mtu wa nne kwa toleo hilo na kwamba mengine ameshayatoa kwenye rafu. Kwa utaratibu wa kumsikiliza mteja, duka hili nalipa alama za juu kabisa, na wafanyabiashara wengi wa mji huu wangejifunza kwake.

Siwezi kulipa alama hizo kwa jambo lililofuata. Wakati ananihesabia fedha, kijana alikuwa upande wa pili wa kaunta akimpimia mzee mmoja kapsuli 20 kutoka kwenye kopo kubwa lililokuwa wazi, akizitia kwenye mfuko mwembamba wa nailoni wenye kufungwa kwa kubana. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Si kila mtu ana shilingi 12,000 kwa mara moja, na kuuza kidogokidogo ni huduma. Lakini kopo kubwa hufunguliwa mara 30 kwa siku katika hewa ya Aprili, mkono unaoingia ndani una jasho, na mfuko wa nailoni uliobanwa nusu hauzuii mvuke wa maji kwa wiki mbili. Zaidi ya hapo, mzee yule aliondoka na kapsuli zisizo na jina, zisizo na namba ya toleo, zisizo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zikimbadilikia mfukoni, hana hata pa kuanzia kuuliza. Natamani duka liwaombe watengenezaji makopo madogo ya kapsuli 20. Kopo tupu la plastiki halizidi bei ya soda.

Kuna wateja wenye shida iliyo kinyume. Mdogo wangu anafanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi kinachokesha, na kapsuli za manjano anazoziweka kwenye droo yake hupasuka akizibonyeza. Kiyoyozi hukausha hewa, na ganda hutoa maji yake hadi likawa kama kioo. Kwa watu wa namna hiyo kapsuli za maganda ya mimea zinafaa zaidi. Maganda hayo hutengenezwa kwa selulosi iliyofanyiwa kazi kiwandani, hukaa na maji kidogo sana, chini ya asilimia 10, na hayawi rahisi kupasuka yanapokauka. Katika masika pia huvumilia zaidi kuliko jelatini, ingawa unga uliomo ndani utavuta maji vilevile.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwa mji wetu lina uzito. Nilimuuliza kijana jelatini ya kapsuli zake imetoka kwa mnyama gani, akajibu kwamba ni ya kawaida tu. Jelatini ya kawaida duniani hutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa wateja wengi wa Ngamiani hilo si swali la pembeni, na duka lililojaa habasoda, asali na visomo vya ukutani lilipaswa kuwa na jibu lililoandikwa kwenye lebo. Mwenye duka aliahidi kuuliza. Hadi naandika, jibu halijaja.

Kapsuli laini za mafuta ya habasoda ndizo zilizonikatisha tamaa kuliko zote. Zimetoka nje ya nchi, na lebo yake inaagiza zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Nyumba yangu haina kiyoyozi. Februari mchana kipimajoto kilichotundikwa ukutani husoma nyuzi 31 au 32, na hata usiku wa manane hakishuki hadi hapo lebo inapotaka. Bidhaa nyingi zinazotengenezwa kwa masoko ya Ulaya hupimwa uimara wake katika nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, ilhali kwa nchi zenye joto na unyevu mwingi kipimo kinachotumika ni nyuzi 30 na asilimia 75. Bidhaa iliyopimwa kwa hali ya kwanza na kuuzwa katika hali ya pili haina uhakika wa kutimiza tarehe iliyoandikwa kwenye lebo yake. Ganda la kapsuli laini lina jelatini iliyochanganywa na gliserini ili lilainike, kwa hiyo joto hulilegeza upesi. Zangu zilianza kushikana wiki ya tatu, zikatoa jasho la mafuta mwezi wa pili, na mafuta yenyewe, ambayo mwanzoni yalikuwa na ule ukali wa habasoda unaopanda puani, yakaanza kunuka kama mafuta ya taa ya kibatari yaliyochanganyika na mafuta ya kukaangia samaki siku tatu. Hayo ni mafuta yaliyokutana na hewa yakaharibika, na hapo rangi haikunisaidia kabisa. Ilibaki ileile ya kahawia. Pua ndiyo iliyoniambia.

Nilijaribu kuziokoa kwa kuziweka kwenye mlango wa friji. Zilipata ukungu mweupe ndani, ambao uliondoka zikipata joto, na hilo si baya. Sehemu ya mafuta huganda kwenye baridi kama mafuta ya nazi yanavyoganda Lushoto asubuhi. Ubaya ulikuwa kila nilipofungua kopo la baridi katika jiko la joto: matone madogo ya maji yalitanda juu ya kapsuli zote, nikawa nazinywesha maji kila siku kwa mkono wangu.

Kulikuwa na badiliko moja zaidi ambalo halionekani kwa macho. Nilikuwa na kapsuli chache za mlonge nilizozisahau kwenye gari la mwanangu tangu Novemba. Zilionekana safi, hazikunata, zilikuwa ngumu kidogo tu. Nilitia moja kwenye glasi ya maji ya nyuzi 37, na nyingine kutoka kopo lililokaa nyumbani kwenye glasi ya pili. Maji ya bomba yasiyopashwa hayafai kwa jaribio hili kwa sababu jelatini kwenye maji ya baridi huvimba tu bila kuyeyuka. Kapsuli ya nyumbani ilifunguka na kumwaga unga ndani ya dakika 6. Ile ya gari ilifikisha dakika 40 ikiwa bado imefungwa ndani ya utando mwembamba kama ngozi ya maziwa, unga umelowa ndani lakini hautoki. Kanuni za dawa hutaka kapsuli ngumu za kawaida zifunguke ndani ya dakika 30. Joto la muda mrefu, hasa likishirikiana na unyevu, huzifanya nyuzi za protini za jelatini zifungamane zenyewe kwa zenyewe, na ganda likishafungamana hivyo halirudi tena. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ugumu wa ganda ni dalili ya ubora.

Kwa upande wa karatasi, makopo ya mlonge na manjano yana jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Kopo la habasoda lina tarehe lakini stika ya muingizaji imebandikwa juu ya maelezo ya uhifadhi, nikalazimika kuibandua kwa kucha ili nisome. Tangu 2019 masuala ya vyakula yalipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wauzaji wengi bado hawajui bidhaa yao iko upande gani. Tiba asili nazo zina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Kijana wetu alinitajia taasisi mbili tofauti kwa kopo lilelile.

Basi kama unapanga kwenda, hivi ndivyo mimi ninavyonunua sasa. Mlonge ndio bidhaa bora ya duka hili, na nitaendelea kuununua kati ya Agosti na Februari, kutoka kwenye katoni wala si kwenye kabati la kioo, baada ya kulitikisa kopo sikioni na kusikia kapsuli zikigongana. Nikilifungua nahamishia kapsuli kwenye chupa ya kioo cha rangi ya kahawia yenye kizibo cha kukaza, pamoja na kimfuko cha silika, na chupa inakaa kwenye kabati la chumbani mbali na jiko na bafu. Kapsuli zenye vitone vya kijivu au nyeupe vyenye manyoya, harufu ya uvundo, au vumbi la wadudu kwenye kitako cha kopo, hizo nazitupa bila kujadiliana na mtu. Manjano nimeacha kuyanunua ya kapsuli, nasaga mwenyewe. Habasoda nanunua mafuta yaliyokamuliwa karibuni, chupa ndogo nyeusi, duka lilelile, shilingi 8,000.

Wiki iliyopita nilipita hapo kununua asali. Kabati la kioo lilikuwa bado linapigwa na jua la alasiri, lakini makopo ya mlonge yalikuwa yameondolewa, na mahali pake mama alikuwa amepanga vyetezo na udi. Kopo kubwa la kuuzia rejareja lilikuwa palepale juu ya kaunta, na mfuniko wake ulikuwa pembeni.